Intaneti Haisahau? Nani Alikuambia?

Wiki haiishi kabla sijapata swali hili kwa inboksi: "Nimemaliza chuo, naanza kutafuta kazi. Nifute posti zangu za zamani ama niziache?" Mwingine anauliza kwa njia yake: "Kuna kitu niliposti nikiwa kidato cha pili, kwani hiyo inaweza kunirudia?" Na mimi kawaida nilikuwa najibu na ile sentensi sote tunaijua, kwamba intaneti haisahau. Naweka emoji ya kucheka, tunaendelea.

Siku hizi naona hilo jibu ni la uvivu. Ukweli ni kwamba intaneti inasahau sana. Google+ ilifungwa Aprili 2019, ikaondoka na kila kitu watu walichokuwa wameweka huko. Mwaka uo huo MySpace ilikiri kwamba nyimbo, picha na video zilizowekwa zaidi ya miaka mitatu nyuma zilikuwa zimepotea wakihamisha mitambo. Hapa kwetu, jaribu tu kufungua viungo vya blogu za Wakenya za 2006. Vingi vimekufa.

Kwa hivyo kuna maelfu ya posti zinaenda kaburini bila kuliliwa na mtu, halafu kuna posti moja ya maneno kumi inamfuata mwenyewe hadi kortini, wakati mwingine hadi seli. Tofauti iko wapi? Nimerudi nyuma kidogo kwa historia yetu, na vile naona mimi, posti inabaki kama kuna mtu ana sababu ya kuiweka. Kabla ya kuuliza kama intaneti itakumbuka, uliza ni nani ataweka, na anaweka kwa nini. Twende polepole.

Enzi ya karatasi

Sisi wa kizazi hiki tunadhani kushikwa kwa sababu ya maneno kulianza na Twitter. Hebu waulize wazazi wako. Miaka ya 80, posti ilikuwa karatasi. Watu waliandika, wakapiga chapa, wakapitishiana kimyakimya. Mwanahistoria Maina wa Kinyatti alihukumiwa miaka 6 mwaka wa 1982 kwa kupatikana na maandishi ambayo serikali iliyaita ya uchochezi. Mwaka wa 1986 msako wa Mwakenya ulipochacha, hata Wahome Mutahi, yule aliyewachekesha Wakenya na safu yake ya Whispers, alifungwa miezi 15. Wengine walipitia vyumba vya mateso vya Nyayo House, jengo lilelile ambalo leo tunaenda kupiga foleni ya pasipoti.

Karatasi ilikuwa na tabia moja: lazima ipatikane. Ukisikia gari la kushuku nje, unaichoma na kumwaga jivu. Hiyo haikuokoa wote, kwa sababu wengi walifungwa kwa maungamo waliyolazimishwa. Lakini angalau maneno yako yalikuwa mikononi mwa watu wachache uliowajua. Na aliyeweka kumbukumbu alikuwa mmoja: Special Branch na mafaili yake. Mwananchi wa kawaida hakuwa na faili la serikali nyumbani. Kiongozi akisema hili leo na lile kesho, ungeenda wapi kumwonyesha?

Vifungu vya uchochezi vilifutwa 1997. Watu wakapumua. Hawakujua mtandao unakuja na faili ambalo mtu anajiandikia mwenyewe.

Mtu mmoja, maamuzi mawili

Kama kuna kisa kimoja cha mtandao ambacho kila Mkenya anayeposti anafaa kukijua, ni cha Januari 2008. Baada ya matokeo ya uchaguzi kutangazwa tarehe 30 Desemba 2007, serikali ilipiga marufuku matangazo ya moja kwa moja. Habari zikahamia kwa SMS, blogu na mabaraza ya mtandaoni. Baraza moja lililokuwa na watu wengi lilikuwa Mashada. Lilikuwa limeanzishwa na David Kobia, Mkenya aliyekuwa akiishi Marekani.

Mashada ilikuwa mahali pa story za kawaida: siasa, mapenzi, nani anauza gari. Lakini vile nchi ilianza kuungua, baraza nalo likaungua. Watu waliokuwa wakitaniana jana wakaanza kutukanana kikabila. Kumbuka wengi wao walikuwa mbali na moto, wengine ng'ambo kabisa, wakiandika maneno ambayo watu wa nyumbani walikuwa wanayasoma na panga ziko nje. Mwisho wa Januari Kobia aliona hawezi kudhibiti, akafunga mabaraza. Badala yake akaweka tovuti iliyoitwa I Have No Tribe, ambapo watu walikuja kuandika kuhusu kuwa Wakenya kwanza.

Mwezi huohuo, Kobia yuleyule alikuwa kwa kikundi kilichounda Ushahidi, pamoja na Ory Okolloh, Juliana Rotich na Erik Hersman. Okolloh alikuwa bloga, na aliona mambo mengi yanatendeka bila mtu kuyaandika. Ushahidi ikawa ramani: ukiona tukio mahali ulipo, unatuma ripoti, inawekwa mahali pake na tarehe yake. Lengo lilikuwa kuzuia watu wasije wakasema baadaye kwamba hakuna kilichotokea.

Hapo ndipo mimi husimama. Mtu mmoja, mwezi mmoja, anafunga mlango kwa maneno ya chuki, na kwa mkono mwingine anasaidia kufungua daftari la yale yaliyowapata watu. Hakufunga Mashada ili kuficha makosa ya mtu. Alifunga kwa sababu maneno yalikuwa yanaumiza watu sasa hivi. Na hakuanzisha Ushahidi kwa sababu ya umaarufu. Zaidi ya watu 1,100 walikufa katika vurugu zile na zaidi ya 600,000 wakafukuzwa makwao, na bila rekodi hao wangekuwa namba tu ya kubishaniwa.

Wale waliochochea kwa majina ya bandia, wengi leo wako na familia, wako na kazi, na hakuna skrinshoti. Matokeo ya maneno yao yapo, maneno yenyewe hayapo. Kwa hivyo ukisikia "posti inadumu", jua pia kwamba wakati mwingine posti inafutika na kovu linabaki kwa mtu mwingine.

Kutoka elfu 50 hadi milioni 5

Katiba ya 2010 ilitupa uhuru wa kujieleza katika kifungu cha 33, na kifungu hichohicho kikasema uhuru huo haufiki kwa chuki na uchochezi wa vita. Hilo sina neno nalo. Shida ilikuja na sheria nyingine zilizokuwa kwa vitabu.

Kulikuwa na kifungu cha 29 cha Sheria ya Habari na Mawasiliano, kilichozungumzia matumizi mabaya ya mitambo ya mawasiliano. Ukituma ujumbe "unaoudhi" mtu, ungeweza kutozwa faini ya hadi shilingi 50,000 au kifungo cha miezi 3. Kuudhi ni nini? Hakuna aliyejua. Mabloga wakawa wanaitwa kituoni mmoja baada ya mwingine. Januari 2015 mwanafunzi mmoja wa chuo kikuu alihukumiwa kifungo kwa sababu ya maneno aliyoandika Facebook kuhusu Rais.

Mwaka huohuo Geoffrey Andare, kijana aliyeshtakiwa kwa posti ya Facebook, aliamua kuishtaki sheria yenyewe. Tarehe 19 Aprili 2016 Jaji Mumbi Ngugi aliamua kwamba kifungu cha 29 ni kipana mno na hakieleweki, na kinakiuka katiba. Kikaanguka. Februari 2017 Mahakama Kuu ikaangusha pia kifungu cha Kanuni ya Adhabu kilichofanya kumharibia mtu jina kuwa kosa la jinai. Ukimchafulia mtu jina leo atakushtaki akitaka fidia, lakini hupelekwi jela kwa hilo.

Sherehe haikudumu. Mei 2018 ikaja Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni. Hapo, kuchapisha habari za uongo kwa makusudi zinazoleta taharuki kuliwekewa adhabu ya hadi shilingi milioni 5 au miaka 10 jela. Piga hesabu: kutoka elfu 50 hadi milioni 5 ni mara 100, na kutoka miezi 3 hadi miaka 10 ni mara 40. Vifungu 26 vilisimamishwa na korti mara moja, halafu Februari 2020 Mahakama Kuu ikasema sheria iko sawa. Mabishano kuhusu sheria hii na marekebisho yake hayajaisha.

Somo langu hapa ni dogo. Posti yako haihukumiwi kwa hasira uliyokuwa nayo siku hiyo. Inahukumiwa kwa sheria iliyopo, na kwa hamu ya mtu mkubwa uliyemtaja. Anayeweka posti hiyo kwa kawaida hata si mfuasi wako. Ni mtu aliyeumwa nayo.

Bahir Dar hadi Milimani

Sasa tutoke Kenya kidogo, lakini tutarudi, kwa sababu kesi yenyewe iko Nairobi.

Profesa Meareg Amare Abrha alikuwa akifundisha kemia katika Chuo Kikuu cha Bahir Dar, Ethiopia. Oktoba 2021, vita vya Tigray vikiendelea, posti za Facebook zilianza kumtaja kwa jina, na picha yake, na mahali anapofanya kazi, zikimrushia tuhuma nzito. Tarehe 3 Novemba 2021 alipigwa risasi nje ya nyumba yake akafa. Mwanawe anasema aliripoti posti zile kwa Facebook na hatua haikuchukuliwa kwa wakati. Desemba 2022 yeye na wenzake waliishtaki Meta katika Mahakama Kuu ya Nairobi, kwa sababu kazi ya kukagua posti za eneo letu ilikuwa ikifanyiwa hapa Nairobi. Meta ilisema korti ya Kenya haina mamlaka. Aprili 2025 korti ikasema inayo, kesi iendelee.

Nimeleta kisa hiki kwa sababu tunapozungumza kuhusu posti za zamani, kila mtu anajifikiria yeye: kazi yangu, visa yangu, jina langu. Waliomposti profesa pengine hawakupoteza kazi yoyote. Aliyelipa ni yule aliyepostiwa. Hata ukifuta baada ya siku moja, umefuta kwa simu yako. Kwa wale walioshaiona, hujafuta kitu. Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki, na hapa maji yalikuwa uhai wa mtu.

Sisi wa kontenti pia tumo

Usidhani hii ni ya wanasiasa na watu wa vita peke yao. Mwaka wa 2019 Kenya ilipata Sheria ya Ulinzi wa Data, na ikaja na ofisi ya Kamishna wa Data. Septemba 2023 ofisi hiyo ilitoza faini ambazo wengi wetu tulizicheka bila kujiangalia. Casa Vera Lounge ya Nairobi ilitozwa shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja aliyekuwa akijivinjari bila idhini yake. Roma School ya Uthiru ilitozwa shilingi 4,550,000 kwa kuposti picha za watoto bila ruhusa ya wazazi.

Maze, fikiria hizo ni picha za kawaida kabisa. Mtu anacheza klabu, mtoto yuko darasani. Lakini yule wa klabu huenda alikuwa amemwambia bosi ni mgonjwa, ama anakimbia mtu aliyemtesa, ama hataki tu. Si kazi yake kukueleza. Mimi mwenyewe nimewahi kupiga video stejini nikijua nyuma yangu kuna watu hamsini ambao sikuwauliza. Tangu nisome zile faini naziba nyuso, na kama mtu ananiambia nitoe, natoa bila kumwuliza kwa nini. Kifungu cha 40 cha sheria hiyo kinampa mtu haki ya kuomba taarifa zake zisahihishwe au zifutwe.

Juni mbili

Nimefika mahali pagumu. Juni 2024 tulienda barabarani kwa sababu ya Mswada wa Fedha, na mipango yote ilikuwa kwa simu. Wakati huo tulikuwa tunaposti bila kuhesabu: picha, video, sauti za risasi. Wengine wetu tulidhani ni kontenti ya siku hiyo. Aprili 2025 BBC Africa Eye ikatoa filamu kuhusu yaliyotokea Bungeni tarehe 25 Juni. Walichambua picha zaidi ya 5,000, na kwa kupanga video za watu kwa sekunde, wakaonyesha maafisa waliofyatua risasi. Bila video za simu za watu wa kawaida, kazi hiyo isingewezekana. Huo ni ule moyo wa Ushahidi wa 2008, lakini safari hii kila mtu alikuwa na daftari mfukoni.

Juni iliyofuata ikatuonyesha upande wa pili. Jumamosi tarehe 7 Juni 2025, Albert Ojwang, mwalimu na bloga wa miaka 31, alikamatwa nyumbani kwao Homa Bay. Naibu inspekta jenerali wa polisi alikuwa amelalamika kuhusu posti ya X. Akasafirishwa hadi Nairobi, akawekwa Central. Jumapili alikuwa amekufa.

Polisi walitoa taarifa kwamba aligonga kichwa chake ukutani mwa seli. Watu wakaihifadhi taarifa ile. Madaktari walipofanya uchunguzi wa maiti, walipata majeraha ya kichwa, dalili za kukabwa shingo, na alama mwili mzima ambazo mtu hawezi kujifanyia. Inspekta Jenerali akasimama mbele ya Seneti akaomba radhi kwa taarifa ile ya kwanza. Watu sita, wakiwemo polisi, walishtakiwa kwa mauaji.

Sitaki kulipamba hili. Ojwang hatarudi, na hakuna skrinshoti inayoweza kuwa fidia kwa mzazi. Lakini linganisha na Nyayo House. Wakati ule serikali ingesema aligonga ukuta na ingekuwa imeisha hapo, kwa sababu mwenye faili alikuwa mmoja. Safari hii taarifa ya polisi nayo ilikuwa posti, na kuna watu walikuwa na sababu ya kuiweka.

Sasa, ufute ama usifute?

Turudi kwa swali la inboksi. Wanaoweka posti zako ni wa aina tatu. Kuna kampuni na maktaba, wanaoweka kwa wingi bila kukujua. Internet Archive inahifadhi kurasa za wavuti tangu 1996, na maktaba ya Bunge la Marekani ilipewa twiti zote za umma tangu 2006, ikaendelea kuzikusanya hadi mwisho wa 2017. Twiti yako ya 2012 ya kulalamikia ugali wa shule inaweza kuwa iko Washington. Kuna anayekutafutia makosa, na huyo anaweka ile moja tu inayokumaliza. Halafu kuna anayeweka kwa sababu ulichosema kilimsaidia ama ni ukweli unaohitajika.

Kwa hivyo ushauri wangu ni huu. Kama uliandika kitu kikamuumiza mtu, ukabila, tusi kwa wanawake, picha ya mtu aliyekuwa amelala matatuni, futa leo. Usifute kwa sababu ya kazi, futa kwa sababu yake. Na kama anajulikana, mtafute umwombe msamaha, juu kufuta peke yake ni kujisafisha. Kama bosi wa baadaye ataiona kabla hujafuta, mwambie ukweli: nilikuwa kijana, nilikosea, nilisahihisha. Sentensi hiyo ina nguvu kuliko akaunti tupu.

Kama uliandika ujinga wa kitoto, wacha ukae ama utoe, haijalishi sana. Hakuna mtu ana sababu ya kuuweka.

Lakini kama uliandika ukweli, ulirekodi kitu kilichotokea, tafadhali usikifute kwa woga wa jumla tu. Kama uko hatarini, hilo ni jambo lingine: toa mtandaoni, weka nakala mahali salama, mpe mtu unayemwamini. Zile karatasi za 1986 zilizochomwa usiku ziliwaokoa wengine, sawa, lakini leo tukitaka kujua ziliandika nini tunabaki kuuliza wazee, na wazee wanaisha.

Miaka 20 kutoka sasa, mtoto wako atakuuliza Juni 2024 ilikuwaje. Ungependa umwonyeshe nini kwa simu yako?

Niandikie kwa komenti: ni posti gani umewahi kufuta ukajuta, na ni gani ulijuta kuiacha? Nasoma zote. Na kama umemtaja mtu ndani, ziba jina.